PhET kwa fizikia ya sekondari: wapi inafaa, wapi usiitegemee

PhET ni mkusanyo wa simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta) za sayansi na hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshiriki Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni bure na huna haja ya kujisajili. Kwa shule zetu jambo kubwa ni hili: kila simulesheni ya HTML5 inapakuliwa kama faili moja, unaiweka kwenye flashi, inafunguka kwenye Chrome au Firefox bila bando. Ukikutana na zile za zamani za Java au Flash, ziache. Programu ya Flash ilizimwa mwishoni mwa 2020.

Iliyo bora kuliko zote kwa mada ya mawimbi ni Wave on a String. Kamba imefungwa upande mmoja, upande wa pili unaitikisa kwa mkono, kwa mashine (Oscillate) au kwa pigo moja (Pulse). Anza hivi: chagua Oscillate na No End (wimbi linatoka bila kurudi), Damping (ufifishaji wa wimbi) ishushe hadi None, Amplitude (kimo cha wimbi) 1.00 cm, Frequency (masafa) 1.00 Hz. Acha wimbi lijae kamba nzima, bonyeza kusimamisha, kisha toa rula upime kutoka kilele hadi kilele kinachofuata. Rudia kwa 2.00 Hz. Urefu wa wimbi unapungua nusu, kasi inabaki ileile. Sasa rudi kwenye 1.00 Hz na upunguze Tension (mkazo wa kamba): safari hii kasi yenyewe ndiyo inashuka. Wanafunzi wengi hukariri kwamba ukiongeza masafa wimbi litakimbia zaidi, na zoezi hili linaling'oa kosa hilo bila mabishano.

Kosa la kawaida hapa ni kuacha Fixed End (mwisho uliofungwa) huku Damping iko None. Wimbi linarudi kutoka mwishoni, linakutana na linalokuja, nguvu inazidi kuingia bila kutoka, na baada ya muda kamba inarukaruka ovyo. Mwanafunzi anadhani programu imeharibika. Fixed End itumie na Pulse: utaona pigo lililoenda juu linarudi likiwa chini, na ukibadili kuwa Loose End (mwisho ulio huru) linarudi juu vilevile.

Bending Light nayo ni nzuri sana kwa kupinda kwa mwanga. Weka hewa juu na maji chini, leza iwe kwenye pembe ya 30°, weka kipimapembe penye mpaka. Mwale ndani ya maji utasoma karibu 22°. Ukiweka kioo badala ya maji, karibu 19.5°. Pembe ipimwe kutoka mstari wa vitone uliosimama wima kwenye mpaka, kamwe si kutoka usoni mwa maji. Kwa mwanga kuakisiwa wote ndani, leza iko juu daima, kwa hiyo kioo lazima kiwe juu na hewa chini. Anayeacha hewa juu atazungusha leza mpaka achoke. Kwa kioo mwale unatoweka upande wa hewa ukivuka takriban 42°, kwa maji takriban 49°.

Under Pressure, ya vimiminika, ina mtego mmoja unaofaa kufundishwa kwa makusudi. Shusha kipima kanieneo mita 2 ndani ya maji. Mwanafunzi anakokotoa densiti mara g mara kina, anapata 19.6 kPa, lakini kipima kinasema karibu 121. Tofauti ni kanieneo ya hewa, 101.3 kPa. Zima Atmosphere, namba zinakubaliana. Halafu nenda kwenye tangi lenye umbo la ajabu: kina kikiwa kilekile, usomaji ni uleule.

Projectile Motion, ya vitu vinavyorushwa, haina maelezo mengi. Mzinga uwe kwenye kimo 0 na Air Resistance (ukinzani wa hewa) izimwe; kwa 15 m/s, pembe ya 30° na ya 60° zote zinatua karibu mita 19.9. Mzinga ukiwa juu, hesabu hiyo inavunjika, na 45° haiwi tena pembe ya mbali zaidi.

Lakini kwa maandalizi ya mtihani wa vitendo, iwe NECTA au KCSE, PhET peke yake haitoshi, na mwalimu anayeifanya mbadala wa maabara anawaumiza wanafunzi wake. Pendulum Lab inapima muda wa mzunguko yenyewe. Kwenye stopuwachi halisi lazima uhesabu mizunguko 20 na kugawanya, la sivyo kuchelewa kwa kidole kunaharibu jibu. Kwenye Geometric Optics taswira huundwa mahali pamoja kamili, ilhali kwenye skrini ya karatasi inaonekana safi kwa milimita kadhaa, hivyo unaikaribia kutoka pande zote mbili na kuchukua wastani. Kupanga pini nne kwenye kipande cha kioo, jicho likiwa usawa wa miguu ya pini, hakuna simulesheni itakayokufundisha.

Baadhi ya simulesheni zina tafsiri ya Kiswahili, zinazomsaidia sana mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka tu shule ya msingi. Kwenye simu ndogo rula na kipimapembe vinasumbua kuburuta. Laza simu kwa upana, au tumia kompyuta moja na projekta kwa darasa zima.