Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwa kubandua rangi ya treni ndogo: tathmini ya mtumiaji wa muda mrefu

Kwa miaka kadhaa sasa, kila gamba, yaani ganda la nje, la injini au behewa la mfano linalofika mezani kwangu likiwa na rangi ya kuondolewa huanzia kwenye kopo moja la plastiki lenye mfuniko, ambalo ndani yake mna alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ni kimiminika kisicho na rangi, ambacho wengi wanakijua kwa kusafishia vifaa vya elektroniki, na wala hakikutengenezwa kwa ajili ya treni za mfano. Hata hivyo, baada ya kukilinganisha na vimiminika vingine vinavyotumiwa kwa kazi hii, sijaona kinachostahili kutangulia mbele yake. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia mahali kinaposhindwa, kwa sababu anayetumbukiza mfano anaoupenda ndani ya dawa yoyote ana haki ya kujua mapema kitakachotokea.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu ajisumbue kubandua, ilhali anaweza kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani. Jibu liko kwenye vipimo. Katika skeli ya HO, ambayo ni 1:87, kichwa cha ribiti (msumari wa kuunganishia mabati) chenye upana wa milimita 25 kwenye injini halisi kinabaki na upana usiofika milimita 0.3 kwenye mfano. Rangi yenye unene wa milimita 0.1, ambayo kwa macho tunaiona nyembamba kabisa, ni sawa na kuipaka injini halisi tabaka la karibu milimita 9. Ukiongeza rangi ya kiwandani, kisha ya mwenye mfano wa kwanza aliyetumia brashi nene, kisha ya kwako, ribiti zinazama, bawaba za milango zinajaa, na matundu ya kupitishia hewa kwenye ubavu wa injini yanageuka kuwa mistari hafifu. Katika skeli ya N, ambayo ni 1:160, hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo uzuri wa rangi mpya huamuliwa kabla hata kopo la rangi halijafunguliwa, na anayeruka hatua hii hawezi kuifidia baadaye kwa ustadi wowote wa mkono.

Mfano ulionifanya niiamini alkoholi hii ulikuwa gamba la injini ya dizeli ya HO ambalo mtu aliyetangulia alilipaka kwa brashi rangi nyeusi nzito, moja kwa moja juu ya rangi ya kiwandani. Nililivua kwenye fremu, nikatoa vioo vya madirisha, taa na vishikio vya waya, nikalizamisha lote na kufunga mfuniko. Baada ya saa moja hivi rangi nyeusi ilianza kukunjamana juu ya paa kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Baada ya saa nne nilipitisha mswaki laini wa meno, nayo ikatoka vipande vipande, ikiacha chini yake rangi ya kiwandani ikiwa bado imara. Hiyo ya pili ilihitaji usiku mzima. Asubuhi haikuwa imeelea wala kuyeyuka, ila ilikuwa imelegea, na mswaki uliweza kuisukuma bila kubonyeza kwa nguvu. Sehemu zilizonishughulisha ni zile za siku zote: nyuma ya vipandio vya ngazi, kwenye pembe ambapo kibanda cha dereva kinakutana na boneti, na ndani ya matundu ya hewa, ambako nilitumia kijiti cha meno cha mbao kilicholowekwa ndani ya alkoholi hiyohiyo. Nilipomaliza, plastiki ya kijivu ilionekana kama ilivyotoka kwenye kalibu, na kwenye mlango mmoja wa ubavuni nikaona kitasa kidogo ambacho sikujua kabisa kuwa kipo.

Jambo ninalolithamini zaidi katika kimiminika hiki ni upole wake kwa plastiki ngumu ya polistirini, ambayo ndiyo iliyotumika kutengeneza magamba mengi ya treni ndogo. Alkoholi haiiyeyushi. Inapenya kwenye rangi, inailainisha na kuuvunja mshikamano wake na plastiki, lakini plastiki yenyewe inaiacha na kingo zake zote. Hii inampa mtu muda, na muda ndio unaohitajika hasa katika kazi hii. Gamba likikaa saa sita badala ya nne kwa sababu umeitwa kufanya jambo lingine, hutarudi ukute maafa. Hata hivyo sishauri kuliacha kwa siku nyingi mfululizo bila kuliangalia, kwa kuwa plastiki hazifanani, na magamba ya zamani yanaweza kuwa yamekwisha kuchoka. Mimi hulitazama kila baada ya saa chache siku ya kwanza, na nikiona sehemu nyembamba imeanza kulegea au kupinda, nalitoa mara moja na kuliacha likauke.

Kuhusu nguvu, chupa za asilimia 70 zinapatikana kwa urahisi zaidi na zinafanya kazi, hasa kwa rangi za akriliki zilizopakwa karibuni, lakini asilimia 30 iliyobaki ni maji, na katika matumizi yangu tofauti imekuwa ya saa nyingi. Ile ya asilimia 91 iko katikati na sina malalamiko nayo. Ninachopendelea katika ile ya asilimia 99 ni kwamba inakauka upesi bila kuacha alama, na kwamba inaweza kutumika tena: baada ya kazi naipitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, vipande vya rangi vinabaki juu, nayo inarudi kwenye chupa niliyoiandikia kwamba ni ya kubandulia tu. Inapokuwa nzito na yenye rangi ya matope naiacha.

Sasa nije kwenye udhaifu wake, ambao si mdogo. Rangi za enameli, yaani zile za mafuta, zilizokaa miaka mingi zinaweza kuigomea kabisa, na baadhi ya rangi za kiwandani hulainika kidogo tu kisha zikagoma hapo. Nimewahi kuliloweka behewa moja la mizigo siku mbili nikaambulia herufi za ubavuni tu, huku rangi ya msingi ikibaki kama ilivyokuwa. Mfano wa namna hiyo usilazimishwe kwa mswaki mgumu, kwa maana nywele ngumu zinakwangua plastiki, na mikwaruzo hiyo itaonekana chini ya rangi mpya. Udhaifu wa pili ni kwamba vioo vya plastiki ya akriliki vinaweza kupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui vikiguswa na alkoholi, na ndiyo maana nasisitiza vitolewe. Gundi nyeupe ya maji nayo hulegea, kwa hiyo kila kilichobandikwa kwa gundi hiyo kitadondoka ndani ya kopo. Weka kichujio kabla ya kumwaga, usije ukapoteza kipandio cha milimita tatu.

Nimesema niliilinganisha na vingine. Mafuta ya breki ya aina ya glikoli, yaani DOT 3, yalitumiwa na mafundi wa treni ndogo kwa miongo mingi, na hakuna ubishi kwamba yanabandua hata pale alkoholi inapogoma. Lakini nilipoyatumia kwenye gamba moja la zamani, vipandio vya mbele vilikuwa vikavu na vyepesi kuvunjika wiki moja baadaye, na kimoja kilikatika nilipokuwa nikilirudisha gamba kwenye fremu bila kutumia nguvu. Isitoshe, mafuta hayo yanateleza, hayakauki, na yasipooshwa kikamilifu kwa sabuni rangi mpya haishiki. Visafishio vyenye kostiki soda vinafaa sana kwa shaba na plastiki inavivumilia, ila ni hatari kwa ngozi na macho, na vinaishambulia alumini pamoja na aloi za zinki, ambazo ndizo zinazotumika kutengenezea fremu na magamba mengi mazito ya kumimina. Dettol ya kahawia, ambayo ina mafuta ya msonobari pamoja na alkoholi hiyohiyo ya isopropili, inabandua vizuri kwa harufu kali, lakini ina sharti moja: mswakie mfano kwa Dettol yenyewe hadi rangi yote itoke ndipo uguse maji, kwani rangi iliyolainika ikikutana na maji mapema inageuka kuwa utepe unaonata kama ulimbo. Asetoni na thina kali sizijadili. Zinaiyeyusha polistirini, na gamba lililoyeyuka halina tiba.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni kuanza na alkoholi, na kwenda kwenye dawa kali zaidi pale tu inaposhindwa, tena baada ya kuijaribu dawa hiyo sehemu ya ndani ya gamba ambako hakuna jicho litakalofika. Kuanza na iliyo kali ili kuokoa saa chache ni kosa ninaloliona likirudiwa, na linaniuma kwa sababu mifano mingi inayoharibiwa hivyo haitengenezwi tena.

Upole kwa plastiki usichukuliwe kuwa upole kwa kila kitu. Alkoholi hii inashika moto kwa urahisi sana. Mvuke wake unawaka hata katika joto la kawaida la chumbani, tena ni mzito kuliko hewa, hivyo unatambaa chini na unaweza kukifikia chanzo cha moto kilicho mbali na meza. Ninafanya kazi dirisha likiwa wazi, bila moto wala kifaa kinachotoa cheche, nikiwa na glavu za nitraili na miwani, kwa sababu mswaki unarusha matone. Mabaki yenye rangi siyamwagi kwenye sinki; nayaacha yakauke nje kwenye chombo wazi, mbali na watoto, kisha natupa kile kigumu kilichobaki.

Faida ambayo sikuitarajia ilijitokeza wakati wa kupaka. Gamba lililobanduliwa kwa alkoholi linahitaji kuoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na kukaushwa, na kuanzia hapo nalishika kwa glavu tu, kwa kuwa mafuta ya vidole yanatosha kuizuia rangi isishike. Napuliza undakoti (rangi ya msingi inayotangulia) ya kijivu, kisha rangi ya akriliki kwa bunduki ndogo ya rangi yenye pua ya milimita 0.3, kwa mgandamizo wa takriban bar 1 hadi 1.4, katika mapito mengi mepesi badala ya moja zito. Bunduki ikiwa mbali mno, rangi inakauka hewani na kutua kama vumbi lenye kukwaruza. Ikiwa karibu mno, inakusanyika na kutiririka kwenye pembe. Na hapa ndipo chupa ileile inaporudi, kwa kuwa pito lililoharibika la akriliki mbichi linafutika kwa alkoholi ndani ya dakika chache, jioni hiyohiyo, bila kusubiri usiku kupita. Pia inaweza kuzimulia rangi za akriliki za Tamiya, ingawa si kila akriliki inakubali: zile za maji kama Vallejo zinaweza kuganda ndani ya kikombe cha bunduki zikichanganywa nayo, na bunduki iliyoziba kwa namna hiyo inachukua muda mrefu kusafisha.

Kazi nyingine inayoifanya kwa ufundi ni kuondoa namba na maandishi pekee bila kugusa rangi iliyo chini. Nalowesha kijiti cha pamba, nakikamua hadi kiwe na unyevu tu, kisha nasugua namba taratibu kwa mwendo wa duara, nikibadilisha kijiti kila kinapochafuka. Wino uliochapwa kiwandani mara nyingi ni mwembamba kuliko rangi ya msingi, hivyo unatangulia kutoka. Mahali pale panabaki na mng'ao tofauti kidogo, lakini nikipuliza vanishi ya kung'aa, ambayo vilevile ndiyo inayoifanya stika ya maji, ile ya namba mpya inayolowekwa kabla ya kubandikwa, ilale bila viputo vyeupe chini yake, na kumalizia na vanishi isiyong'aa juu ya yote, tofauti hiyo haionekani tena.

Kwa anayeanza, ningemshauri anunue chupa moja ya asilimia 99, kopo lenye mfuniko unaokaza, mswaki laini na glavu, kisha atafute behewa bovu la kujifunzia kabla ya kuigusa injini yake. Aliloweke asubuhi na kulitazama kila baada ya saa moja hadi jioni. Akishaona kwa macho yake jinsi rangi inavyokunjamana na kuachia, atajua pia ni wakati gani gamba la injini linapaswa kutolewa.