Uzoefu wangu: studi na nati nilizofungia heda ya Subaru

Niseme kwanza nilichofunga, maelezo yafuate. Kwa Subaru yenye injini ya EJ, heda (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini) ifungwe kwa studi (vyuma visivyo na kichwa, vyenye uzi pande zote mbili) za M10, yaani kipenyo cha milimita 10, zenye uzi wa 1.25, chuma cha daraja la 10.9, pamoja na nati za chuma zilizopakwa shaba, zile za kujibana zenyewe. Seti nzima niliipata kwa pesa ndogo kuliko ambayo fundi angenitoza kushusha heda na kuirudisha mara moja. Kati ya vyote nilivyolinunulia gari hili, sijui kingine kidogo kiasi hicho kilichonipa utulivu mkubwa hivyo.

Gari ni Impreza, EJ20 isiyo na turbo. Linatembea Dar es Salaam siku zote, na likitoka linaelekea Tanga au Morogoro. Heda niliinunua mtaa wa Gerezani hapahapa Dar, ya steinlesi, mabomba yake manne yakiwa na urefu unaolingana. Anayependa ile ngurumo ya Subaru ajue kwamba inatokana na mabomba yasiyolingana urefu. Ukifunga heda ya aina hii ngurumo inaondoka. Mimi sauti mpya imenipendeza.

Ndani ya boksi la heda kulikuwa na kifuko cha bolti. Zilikuwa zinang'aa, mpya, na vichwani hazina namba wala herufi. Hapo ndipo uanze kushtuka. Bolti iliyotengenezwa kwa viwango hubeba alama ya daraja lake kichwani: 8.8, 10.9, 12.9, au A2-70 ikiwa ni steinlesi. Ya 8.8 inahimili mvutano wa megapaskali 800 kabla haijakatika, na ikifika asilimia 80 ya hapo inaanza kurefuka bila kurudi. Ya 10.9 ni 1,000 na asilimia 90. Isiyo na alama haikuambii chochote, nawe unataka kuifunga mahali panapopita moshi wenye joto la nyuzi 700, 800 za Selsiasi, wakati mwingine zaidi.

Kubwa kuliko alama ni uzi, na hili naomba kila mwenye gari la Kijapani alishike. M10 nyingi za madukani, hasa kwenye hadiwea za kawaida, zina uzi wa 1.5, yaani kutoka jino hadi jino ni milimita moja na nusu. Subaru, kama magari mengi ya Japani, kwenye ukubwa huo inatumia 1.25. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiingiza ya 1.5 kwenye tundu la 1.25, inakubali raundi ya kwanza, pengine na ya pili, kisha inagoma. Mwenye haraka anatafuta spana ndefu zaidi. Chuma kinaishinda aluminiamu, na meno ya silinda hedi (kichwa cha injini ambapo heda inafungwa) yanachunika. Baada ya hapo ni kutoboa, kuchonga uzi upya kwa tapu na kuweka helikoili (koili ya chuma inayokuwa uzi mpya), ukiwa umelala chini ya gari bila nafasi ya kunyoosha mkono.

Kijana anayemsaidia fundi wangu alikuwa tayari ameshika bolti na spana. "Itaingia tu kaka, inataka nguvu kidogo." Fundi akamsimamisha, akaokota nati ya zamani iliyotoka kwenye gari lenyewe, akaivisha kwa vidole kwenye bolti ya kifukoni. Ikakwama kabla haijamaliza raundi mbili. Kipimo hicho hakihitaji gegi ya uzi wala pesa: nenda dukani na nati ya gari lako mfukoni, na studi isiyoipokea kwa vidole hadi mwisho irudishe kabatini.

Tazama na kichwa. M10 ya Kijapani ni spana 14. Bolti ya kawaida ya M10 ni 17, na nyingine 16. Milimita mbili tatu hizo kwenye injini nyingine hazina neno, lakini kwenye heda bomba linapinda palepale karibu na flenji (bamba la heda linalobanwa kwenye injini), kichwa cha 17 kinagusa bomba au soketi haikai sawa. Ukikutana na nati ya spana ndogo, hiyo ndiyo rafiki yako.

Kwa nini studi badala ya bolti? Kwenye EJ matundu ya moshi yanatazama chini, hivyo sehemu hii inapigwa na matope, maji ya madimbwi na, kwa sisi wa pwani, chumvi. Kila unapofungua bolti unasugua meno ya aluminiamu yaliyokwisha kula uchafu. Studi inaingia mara moja na kubaki humo. Kazi yote ya kufunga na kufungua inafanywa na nati juu ya chuma. Kuna faida nyingine inayoonekana siku ya kazi: studi zinalishika heda likining'inia wakati unaanza nati moja moja. Kwa bolti unahitaji mtu wa pili wa kulibeba huku gasketi ikiteleza.

Muuza duka mmoja alinishauri nichukue bolti za steinlesi zilingane na heda. Wazo hilo lina mvuto wake, kwa kuwa hazishiki kutu. Hata hivyo A2-70 ina nguvu ya megapaskali 700, chini ya 8.8 ya kawaida. Nati ya steinlesi juu ya bolti ya steinlesi hupenda kung'ang'aniana hadi ukakata bolti ukidhani unaifungua. Na steinlesi ikikaa ndani ya aluminiamu penye maji ya chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, yaani silinda hedi yako. Nimezitumia huko nyuma ya ekzosi, pale flenji mbili za bomba zinapokutana, nikiwa nimepaka grisi ya nikeli ya kuzuia kushikana. Pale zinafaa sana. Kwenye hedi siziweki. Za 12.9 nazo niliziacha ingawa namba yake inavutia: ni ngumu, na chuma kigumu kiasi hicho huwa na tabia ya kukatika ghafla. Na zile zilizochovywa zinki usiziguse kwa kazi hii. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi.

Nati zina habari yake. Nati yenye pete ya nailoni haina kazi hapa, kwani nailoni inaisha nguvu karibu na nyuzi 120. Gundi ya kawaida ya bolti huishia nyuzi 150 hivi. Wosha ya springi ikipikwa mara kwa mara inalegea. Nati ya shaba niliyoisifu hapo juu inajibana kwa umbo lake, mdomo wake umefinywa kidogo, hivyo joto haliinyang'anyi kitu, na ile shaba inaizuia isigande kwenye studi. Ukiifunga utahisi inakaza mapema. Ndivyo ilivyo, usidhani uzi umekosewa, mradi ulishaujaribu uzi kwa nati ya zamani.

Urefu nao upime. Flenji ya heda za kununua mara nyingi ni nene kuliko ya kiwandani, yangu inakaribia milimita 10, kwa hiyo studi za zamani zingebakiza meno machache ya nati. Ndani ya aluminiamu nataka uzi ushike angalau mara moja na nusu ya kipenyo, yaani milimita 15 kwa M10, na 20 ni bora zaidi. Ila isigonge mwisho wa tundu. Ikigonga, utahisi imekaza kabisa kumbe flenji haijabanwa.

Kufunga kwenyewe kulikuwa kwepesi. Matundu yalisafishwa, studi zikaingizwa kwa mkono na kukazwa kidogo tu, gasketi mpya, kisha nati zote kwa vidole kabla ya spana yoyote. Tulikaza kwa zamu kwa tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Kwa injini hizi ni Nm 30 hadi 40 kutegemea toleo, kwa hiyo angalia kitabu cha gari lako, na ukipaka grisi kwenye uzi punguza. Injini ilipopashwa na kupoa kabisa tukazipitia tena. Usiruke hatua hiyo, maana aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, na gasketi inajilaza baada ya joto la kwanza.

Matokeo ninayoyajali zaidi ni ukimya asubuhi. Heda lililolegea hutoa mlio wa tik tik injini ikiwa baridi, ukapungua ikipata moto, na wengi huenda kutafuta kosa kwenye tapeti, vyuma vinavyosukuma vali. Wakati huohuo hewa ya nje inaingia kupitia upenyo huo, sensa ya oksijeni inaamini mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza petroli. Langu halina mlio, masizi meusi hayajaonekana kwenye flenji, na tulipolazimika kushusha heda kwa kazi nyingine nati zote zilitoka na studi zikabaki mahali pake.

Mwenye turbo asinakili seti yangu kama ilivyo. Joto la upande wake ni kubwa zaidi na heda lake linaungana na bomba linalopanda kwenye turbo, kwa hiyo atafute studi zilizotengenezwa kwa joto hilo. Uzi bado ni 1.25.