Siku tatu naipamba edita, usiku mmoja ikaniliza

Edita hii, programu ya kuandikia kodi za kompyuta, nimeipenda kweli, ndiyo maana nina hasira nayo. Jina silitaji. Niliipakua kwa bando la usiku hapa Uyole, nikamaliza siku tatu naipamba: rangi za giza, fonti ya kuvutia, plagini, yaani viongezo vyake, kumi na saba. Kumi na saba! Laptopu yenyewe ina RAM ya GB 4, betri ilishakufa kitambo, inaishi kwa waya. Feni inalia kama mashine ya kusaga, mimi nashangaa rangi.

Kazi ni mfumo wa stoo ya mama mmoja anayenunua viazi kwa wakulima na kupakia kwenda Dar. Usiku ule wa baridi letu la Mbeya, unachapa kibodi umevaa soksi mikononi, nikamalizia sehemu ya madeni niliyoianza mchana. Saa sita kasoro umeme ukakatika.

Asubuhi nafungua. Cha kwanza kunilaki ni ukurasa mzima wa kusifia toleo jipya, na vipicha vyake. Kumbe usiku ilikuwa inajipakulia, na bando limekwisha. Faili la madeni? Lina mistari ya mchana. Ya usiku, hata koma hamna.

Mama akapiga. "Mwanangu, yale madeni yameisha?"

"Yameisha, mama. Yote."

Akanyamaza kidogo. "Nani kalipa?"

Nitende haki: edita hii huwa inatunza hata usichohifadhi, ukirudi unakikuta. Niliuzima mpangilio huo mwenyewe, nilipokuwa nanakili mipangilio ya kijana mmoja wa kwenye video bila kusoma. Kwa hiyo kosa ni langu. Nusu. Lakini edita inayoniuliza mara mbili kabla ya kufuta faili tupu, ilishindwa nini kuniuliza siku ile naizimisha akiba yake? Robo, basi.

Nikahamia Vim, edita nyingine. Ukiifungua bila faili, mara nyingi inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, maana aliyeitunga, Bram Moolenaar, aliwahi kujitolea kule Kibaale. Hilo tu lilinilainisha. Pembeni ya faili lako inaandika jingine la akiba, kila baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde 4. Nikaijaribu kikatili: naandika, nachomoa waya. Kuwasha, inaniambia kuna akiba, nirejeshe? Nikarejesha. Limepotea neno moja. Nusura niibusu skrini.

Kwa hiyo ile ya kwanza naipa nyota moja. Au mbili, maana Vim vidole vyangu bado havijaizoea, kila dakika najikuta naandika mahali nilipotaka kufuta. Na kusema kweli juzi niliifungua tena ile, nikazima plagini kumi na nne, ikawa nyepesi, feni kimya. Tatu basi, nisiwe na roho mbaya.

Leo nimeifungua, ule ukurasa wa kujisifu huo hapo tena. Moja.