Kadi ya Nol ya Dubai: Tathmini kwa Familia Inayosafiri Pamoja

Kwa familia inayofikia Deira, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaufahamu kuliko mitaa mingine ya Dubai, kadi ya Nol, ambayo hutumika kulipia nauli za metro (treni za mjini) na mabasi, ni miongoni mwa vitu vichache katika jiji lile ambavyo bei yake haimshtui mgeni. Nauli ya treni kutoka uwanja wa ndege hadi kituo cha Baniyas Square ni dirhamu 3, ilhali teksi inayochukuliwa mlangoni mwa uwanja huohuo huanza kuhesabu kutoka dirhamu 25 kabla gurudumu halijazunguka. Hata hivyo, kadi hii ilibuniwa kwa kumfikiria mtu mmoja anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, si baba, mama, bibi na watoto watatu wenye mabegi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama familia itaokoa fedha au itaziacha ndani ya kadi.

Nol hutolewa na Mamlaka ya Barabara na Usafiri ya Dubai, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha RTA, na ilianza kutumika mwaka 2009 pamoja na metro yenyewe, ambayo ilifunguliwa tarehe 9 Septemba mwaka huo. Ziko aina nne. Silver ndiyo ya watu wengi. Huuzwa kwa dirhamu 25, na ndani yake mnakuwa na salio la dirhamu 19, maana dirhamu 6 ni bei ya kadi yenyewe. Gold huuzwa vivyo hivyo, ila kila safari hutozwa mara mbili kwa ajili ya kukaa katika sehemu ya behewa yenye viti vipana zaidi. Blue huwa na jina na picha ya mwenye kadi, huombwa kwa fomu, na humfaa mkazi kuliko mgeni. Red ni tiketi ya karatasi ya dirhamu 2, ambayo mtu huijazia safari zisizozidi kumi za aina moja. Kuhusu Gold sina mengi ya kusema: treni ni ileile, hufika kwa wakati uleule, na familia ya watu watano ikiitumia kwa safari ndefu italipa dirhamu 75 kwa jambo ambalo lingeigharimu dirhamu 37 na nusu.

Swali la kweli kwa familia ni kati ya Silver na Red, na hapa wauzaji wa dirishani hawasaidii sana, kwa sababu mgeni mwenye mabegi hupewa Silver bila kuulizwa atakaa siku ngapi. Hesabu yake si ngumu. Jiji limegawanywa katika kanda za nauli. Kwa Silver, safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, safari inayogusa kanda mbili zinazopakana ni dirhamu 5, na inayozidi hapo ni dirhamu 7 na nusu. Kwa Red, kila moja ya safari hizo huongezeka dirhamu moja. Kwa kuwa karatasi ya Red ni nafuu kwa dirhamu 4 kuliko kadi ya Silver, abiria anayefanya safari nne hulipa sawasawa kwa njia zote mbili, na kuanzia safari ya tano Silver inakuwa nafuu. Lakini hesabu hiyo haijagusa salio linalobaki, nalo ndilo linaloumiza familia kuliko bei ya kadi. Bibi ambaye atatoka hotelini mara moja kwenda kuona chemchemi za Dubai Mall na kurudi hana haja ya kadi yenye dirhamu 19; Red ya safari mbili inamtosha. Vijana ambao watazunguka kila siku wapewe Silver. Sisi tulichanganya namna hiyo, na sioni kwa nini familia yoyote inunue kadi za aina moja kwa kila mtu eti kwa ajili ya usawa.

Kasoro kubwa ya mfumo huu, nikiutazama kwa jicho la mzazi, ni kwamba kila kichwa lazima kiwe na kadi yake. Katika daladala au matatu, baba hutoa noti moja, akaonyesha kwa kidole watu wake wote, na konda akarudisha chenji. Katika metro ya Dubai kadi moja haiwezi kuwaingiza wawili, kwa sababu mashine ya langoni huandika kituo ulichoingilia na kusubiri kuona utakapotokea ndipo ikate nauli. Ukiwagusishia watoto kadi moja kwa zamu, lango la pili halitaelewa. Mtoto aliye chini ya miaka mitano, au mwenye urefu usiofika sentimita 90, husafiri bure na hupita pamoja na mzazi katika lango pana lililotengwa kwa vigari vya watoto na viti vya magurudumu. Aliyetimiza miaka mitano hulipa nauli kamili ya mtu mzima. Punguzo la wanafunzi lipo, lakini limefungamanishwa na kadi ya Blue, kwa hiyo mgeni wa wiki moja ahesabu kuwa halimhusu. Kwa familia yenye watu watano wanaolipa, wote wakichukua Silver, hiyo ni dirhamu 125 kabla ya kupanda chochote, kama dola 34, ambazo 8 kati yake ni bei ya plastiki tu. (Dirhamu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.67, kwa hiyo hesabu hii haiyumbi kama shilingi zetu.)

Kuongeza salio nako kumekuwa kugumu zaidi kwa familia kuliko kulivyokuwa zamani. Tangu Agosti 2024 dirisha la kituo halipokei chini ya dirhamu 50 kwa kadi moja. Kwa mfanyakazi anayesafiri kila siku hilo si tatizo, lakini kwa mzazi mwenye kadi tano zinazohitaji dirhamu kumi kumi ni kutakiwa kutoa 250. Dawa yake ni kuliacha dirisha na kwenda kwenye mashine, ambayo hukubali kiasi kidogo zaidi, hupokea noti, sarafu na kadi za benki, na huzungumza Kiarabu na Kiingereza. Njia nyingine ni programu ya nol Pay kwa mwenye simu yenye NFC (uwezo wa kusoma kadi kwa kugusishwa), ambayo husoma salio la kila kadi ukiigusisha nyuma ya simu. Jioni moja hotelini mama anaweza kuzipanga kadi zote kitandani na kujua ni ya nani itakayokwama kesho. Kukwama huko ni kwa kweli, kwani lango halifunguki kama salio liko chini ya dirhamu 7 na nusu, hata kama safari unayoikusudia ni ya dirhamu 3. Kanuni hiyo inaeleweka, maana mashine haijui utashukia wapi, lakini matokeo yake ni kwamba kila mwanafamilia hubaki na fedha kidogo asizoweza kuzisafiria.

Je, teksi si rahisi zaidi? Jibu linategemea mko wangapi na mnakwenda wapi. Familia ya watu wanne inayotoka Naif kwenda upande wa pili wa Deira na mifuko ya manunuzi ichukue teksi bila kusita, kwa sababu nauli ya chini kabisa ya teksi ya barabarani imekaribiana na tiketi nne za dirhamu 3, na teksi huwafikisha hadi mlangoni. Familia ya watano au sita haina faida hiyo, kwani teksi ya kawaida hubeba abiria wanne, na hapo italazimu kutafuta gari kubwa au kuchukua mawili. Safari ikirefuka, metro hushinda kwa mbali. Kutoka Deira hadi Mall of the Emirates ni dirhamu 7 na nusu kwa mtu, hali teksi itakuwa imehesabu kilomita zaidi ya ishirini na kuongeza tozo za barabara za Salik juu yake. Hadi Dubai Mall ni dirhamu 5, kwa kubadilisha treni kituo cha Union kutoka njia ya kijani kwenda nyekundu. Nitoe tahadhari moja kwa wenye wazee: kituo kinachoitwa Burj Khalifa/Dubai Mall hakiko mlangoni mwa jengo hilo, bali mtu hutembea mita mia kadhaa ndani ya daraja lililofunikwa lenye kiyoyozi na mikanda ya kutembezea watu, na bibi mwenye magoti ya miaka sabini ataiona safari hiyo kuwa ndefu kuliko ile ya treni.

Siku ya kuwasili ihesabiwe peke yake. Treni husimama saa sita usiku, isipokuwa Ijumaa ambapo huendelea hadi saa saba usiku, na Jumapili huanza saa mbili asubuhi. Ndege ya jioni kutoka pwani yetu ikitua kabla kidogo ya saa sita usiku, foleni ya uhamiaji peke yake inatosha kuwakosesha treni ya mwisho. Aidha, metro husimama kwenye Jengo la 1 na la 3 la abiria tu. Jengo la 2, ambalo shirika la ndege la flydubai hulitumia kwa safari zake nyingi, halina kituo, na abiria wake hutegemea basi au teksi. Mizigo nayo ina kipimo: kila abiria huruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo. Mnapokwenda hakuna shida, lakini familia inayorudi nyumbani na maboksi ya mapazia, sufuria na zulia ajue mapema kwamba Nol haitamsaidia siku hiyo.

Ndani ya treni utaratibu ni mkali, na nauona kuwa sehemu ya ubora wa huduma. Kula, kunywa au kutafuna ubani hutozwa faini ya dirhamu 100, kwa hiyo biskuti za mtoto zibaki mkobani hadi mshuke. Behewa la wanawake na watoto limetengwa kwa mstari wa waridi sakafuni, na mwanamume akivuka mstari huo hutozwa kiasi hichohicho. Mama na binti zake hupata nafasi ya kukaa hata saa za msongamano, wakati baba akisimama amebanwa upande wa pili. Basi wakubaliane kabla ya kupanda watashukia kituo gani, kwani kupigiana kelele kuvuka behewa hakufai. Kwa wanaotoka kwetu, ambako mtoto hupakatwa na mtu asiyemjua na hakuna anayeshangaa, mpangilio huu huonekana mgeni kwa siku ya kwanza na wa raha kuanzia ya pili.

Kilichonishawishi kwamba kadi inafaa hata kwa asiyependa metro ni matumizi yake nje ya reli. Mabasi ya jiji hayapokei fedha taslimu, hivyo asiye na Nol hapandi, na anayekamatwa ndani bila kulipa hutozwa dirhamu 200. Anayetoka kwenye treni na kupanda basi ndani ya nusu saa huhesabiwa kuwa bado yuko katika safari ileile, mradi akumbuke kuigusisha kadi anaposhuka basi kama alivyoigusisha alipopanda. Hili la kushuka watoto hulisahau, na mzazi ndiye wa kusimama mlangoni kuwahesabu. Bustani kubwa za umma kama Zabeel Park na Creek Park hutoza kiingilio cha dirhamu 5, nacho hulipwa kwa Nol. Mchana wa watoto Creek Park, ukiuweka mkabala na bei za viingilio vya vivutio maarufu, ndio matumizi bora kabisa ya salio lililobaki. Mitumbwi ya abra inayovusha watu kati ya Deira na Bur Dubai ni jambo jingine: nauli ni dirhamu moja, wekeni sarafu mfukoni, na msiikose kwa sababu tu ya kuzoea kugusisha.

Wanaotaka kuuona msikiti wa Sheikh Zayed wataweza kwenda Abu Dhabi kwa basi la E100 kutoka kituo cha Al Ghubaiba kwa dirhamu 25, kwa kadi ileile. Wakishafika, Nol inakoma kuwa na kazi mabasini, kwa kuwa Abu Dhabi ina kadi yake iitwayo Hafilat. Nchi ni moja, lakini mfuko wa kadi unaongezeka, na kwa matembezi ya siku moja nashauri familia ichukue teksi mjini humo badala ya kununua kadi nyingine tano. Pia hakikisheni kila kadi ya Nol ina nauli ya kurudia kabla ya kuondoka Dubai.

Salio linalobaki mwisho wa safari msitarajie kurudishiwa kwa urahisi. Baadhi ya maduka ya vituoni hupokea Nol, na dirhamu chache zinaweza kugeuka maji na karanga za njiani, ingawa za kuliwa baada ya kutoka kituoni. Silver haina jina la mtu na hudumu miaka mitano, ndiyo maana katika familia nyingi za wafanyabiashara kadi hizi huzunguka kutoka kwa shangazi hadi kwa mpwa kama sanduku la safari. Anayeikabidhi aandike salio kwenye kipande cha karatasi, na anayeipokea aiwekee angalau dirhamu 7 na nusu kwenye mashine ya uwanja wa ndege kabla hajapanga foleni langoni na watoto nyuma yake.