Enning Lu, Guangzhou: Njoo Uone Mlango, Mikahawa Iache

Haya wadau, karibuni. Wengi mkija Guangzhou, China, kufunga mzigo mnaishia mtaa wa Xiaobei na masoko ya jumla. Leo tuko barabara ya Enning Lu, wilaya ya Liwan. Baraza za qilou, zile nyumba za maduka ambazo ghorofa yake inafunika njia ya miguu, na nyumba ya baba yake Bruce Lee mmeshaziona kwenye chaneli nyingine, naziruka. Nataka huu mlango.

Kamera isogee. Ni milango mitatu kwa mpigo. Wa nje ni mfupi, wa kukunja, haufiki juu. Kazi yake kuzuia macho ya wapita njia. Wa katikati ndio tanglong: fremu yenye nguzo za mbao za duara, zimelazwa. Zihesabu, daima ni witiri. Haufunguki kwa kusukuma, unateleza pembeni, hivi. Umeona? Wa ndani ni mbao nzito, wa usiku. Mchana ule mzito unaachwa wazi, tanglong inafungwa: upepo unapita, mwizi hapiti. Kwa fukuto la hapa, ambalo ni Dar ya mwezi wa tatu kabisa, aliyeubuni alikuwa na akili!

Sasa kinachoniudhi. Huku Yongqing Fang, sehemu iliyokarabatiwa na kufunguliwa 2016, maduka mengine yameweka tanglong za pambo. Zinajulikana: tazama chini, hakuna mfereji wa kutelezea. Imepigiliwa tu, pembeni wanauza kahawa kwa bei ya kitalii. Bora mtaa wa Beijing Lu, hapa hapa Guangzhou, pale barabara za kale zimefunikwa kioo, unazikanyagia juu. Video yake inakuja, bonyeza kengele.

Kuingia mtaani ni bure. Toka Xiaobei, panda metro laini ya 5 kituo kimoja hadi stesheni ya treni ya Guangzhou, laini ya 2 hadi Gongyuanqian, kisha laini ya 1 hadi Changshou Lu, halafu kwa miguu. Kadi ya benki iunganishe na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, ukiwa bado nyumbani, maana ujumbe wa benki ukigoma kuingia kwenye laini yako ya simu huku, umekwama.

Ukinunua sufuria ya shaba ya kugongwa kwa nyundo, mtaa huu una mafundi wake, chungulia ndani ya sufuria. Kama ni shaba tupu, usipikie ndimu wala nyanya. Na Waislamu, supu za wantan (vifuko vya unga vilivyojazwa nyama) nyingi zina nguruwe. Shukeni kituo cha Ximenkou, laini ya 1, msikiti wa Huaisheng uko jirani, ulizieni chakula pale.