Banzi la Kifundo cha Mkono la Kuvaa Usiku: Tathmini kwa Mafundi Ujenzi

Fundi anayeamka usiku wa manane akikung'uta mkono mpaka ganzi itoke, na asubuhi vifungo vya shati vikamshinda, kwa kawaida hukimbilia dawa ya kuchua. Kwa maoni yangu, kifaa kinachomfaa zaidi kuanza nacho ni banzi la kifundo cha mkono: lile la kitambaa kizito lenye tundu la gumba, mikanda ya kunata na kipande cha alumini kilichochomekwa upande wa kiganja. Nimelitumia kwa muda wa kutosha, nikiwa mtu wa nyundo na drili, na ninaweza kulisifu kwa linaloliweza na kueleza lisiloliweza.

Kazi yake ni moja. Neva ya kati, inayoleta hisia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, hupita kifundoni katika njia nyembamba iliyozungushiwa mifupa na kufunikwa na ukano mgumu, tena haipiti peke yake bali pamoja na kano 9 za kukunjia vidole. Nafasi hiyo ikipungua kwa uvimbe, neva ndiyo inayobanwa, na kifundo kikikunjwa hubanwa zaidi. Wengi wetu hulala tumekunja mikono chini ya shavu bila kujijua. Banzi huuzuia mkunjo huo usiku kucha, na kwangu mimi ganzi ya alfajiri ilipungua waziwazi. Nafuu haiji kwa usiku mmoja. Wiki 6 hivi za kulivaa kila usiku ndiyo majaribio ya haki.

Dosari kubwa ya banzi nililonunua ni alumini yake, ambayo ilikuja imepindwa, ikikiinua kiganja kana kwamba mtu anasimamisha gari. Mkao huo nao huibana neva. Ilinibidi nikichomoe kipande hicho, nikilaze mezani na kukibonyeza mpaka kikakaribia kunyooka, ndipo nikakirudisha mfukoni mwake. Mnunuzi aangalie pia ncha ya alumini iishie wapi, kwa sababu ikivuka mkunjo wa kiganja vidole havifungiki, na ikigusa shina la gumba huchubua. Mikanda isikazwe sana, kwani banzi lililokazwa nalo hubana. Kidole kipenye chini yake bila shida. Kunata kwa mikanda huisha haraka vumbi la saruji likiingia, kwa hiyo libaki nyumbani.

Sishauri kabisa kulivaa kazini. Kifundo kikiwa kimefungwa, nguvu ya kupiga nyundo huhamia kwenye kiwiko na bega, na mkanda unaoning'inia karibu na drili au grinda unaweza kunaswa na kuuvuta mkono.

Jambo lingine ambalo banzi haliligusi ni mtetemo wa mashine, ambao nao huweza kuidhuru neva. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2002 zinamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mkononi unapofikia 2.5 m/s² (mita kwa sekunde mraba, kipimo cha ukali wa mtetemo) kwa wastani wa saa 8, na zinakataza kuvuka 5 m/s². Glavu za kupunguza mtetemo husaidia kidogo kwenye grinda, lakini mbele ya mashine ya kuvunjia zege msaada wake ni mdogo mno. Hapo kinachofaa ni kupunguza muda wa kuishika mashine, kupokezana, na kutumia patasi iliyonolewa.

Kwa ganzi ya usiku ambayo bado ni changa, ninalipendekeza bila kusita. Lakini mtu ambaye nyama ya shina la gumba imeanza kubonyea, au ambaye ganzi haimtoki hata mchana, asilinunue akitarajia nafuu ya kutosha. Huyo amwone daktari mapema, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji wa kuukata ule ukano ili neva ipate nafasi, na neva iliyobanwa kwa muda mrefu inaweza isirudie hali yake hata baada ya kufunguliwa.