Programu ya kupima ramani iliyogeuza vipimo vyangu usiku

Hii programu nilikuwa niipe nyota nne. Sasa sijui hata nianzie ngapi. Naandika hasira haijaisha, lakini yote nitakayosema yametokea ofisini kwetu Ngara, kwenye mradi wa nyumba za kupangisha huko Ruaka.

Kwa asiye wa fani yetu: mkadiriaji majenzi ndiye anayesoma ramani za msanifu na kutayarisha BQ, ile hati inayosema zege itaingia kiasi gani, mawe kiasi gani, milango mingapi. Mkandarasi anaweka bei juu ya vipimo vyetu. Zamani tuliandika kwa mkono kwenye karatasi ya vipimo, safu kwa safu, na mtu yeyote angeweza kufuatilia namba ilikotoka. Siku hizi unafungua ramani kwenye kompyuta, unabofya kona hadi kona, mashine inapiga hesabu.

Tatizo lilikuwa skeli, yaani uwiano wa mchoro na jengo lenyewe. Msanifu alichora kwenye karatasi kubwa ya A1 kwa 1:100 (sentimita moja ya mchoro ni mita moja ya jengo), lakini PDF iliyotufikia kwa WhatsApp ilikuwa imepunguzwa kuwa ukubwa wa A3. Hapa Nairobi hilo ni jambo la kila wiki. Kila urefu unakuwa nusu, na yale maandishi ya 1:100 kwenye kona yanabaki palepale ingawa si kweli tena. Kwa hiyo tuliweka skeli wenyewe, ukurasa baada ya ukurasa: unachukua ukuta ambao urefu wake umeandikwa, unaiambia programu huu ni mita sita, halafu unaendelea. Tukapima jengo zima. Slabu ya ghorofa ya kwanza ikatoka mita za mraba 480. Kwa unene wa milimita 150, hizo ni mita za ujazo 72 za zege. Tukahifadhi kazi, tukaenda nyumbani.

Usiku programu ikajisasisha bila kumuuliza mtu.

Asubuhi, zabuni ikiwa inafungwa kesho yake, nafungua nitoe BQ, slabu ileile inasoma 120. Zege, mita za ujazo 18. Skeli zetu zote zilikuwa zimefutwa, na programu imerudi kusoma ile 1:100 ya kwenye kona. Urefu nusu, upana nusu, eneo likabaki robo. Hakukuwa na onyo lolote, hata alama ndogo ya kuuliza. Na kinachonitia hofu hadi leo ni kwamba BQ ilionekana nzima! Idadi ya milango na madirisha ilikuwa sawasawa, maana vitu vya kuhesabu havitegemei skeli. Unene wa slabu tuliuandika wenyewe, nao haukuguswa. Kijana aliye mafunzoni kwetu alikuwa tayari kuichapisha. Mimi nilishtuka kwa sababu nimeona slabu nyingi zikimwagwa, na ghorofa kama ile haimalizwi na magari matatu ya zege.

Nikampigia wakala wa programu hiyo hapa mjini. Nikaeleza taratibu, nikamtumia na picha za kabla na baada. Jibu lake: “Madam, hii programu inatumika hadi Uingereza na Dubai. Shida haiwezi kuwa programu.” Nikamwambia ninazo namba za jana na za leo, azitazame. Akasema, “Nyinyi mliozoea Excel ndio husumbuka hivi mwanzoni.” Halafu akaniomba nimpe nambari ya risiti ya malipo ili aone kama ada yangu ya mwezi imeingia. Kuhusu zabuni ya kesho hakuuliza lolote.

Kama Uingereza ndiyo hoja yake, basi tuizungumze Uingereza. Serikali ya kule ilianza kudai BIM, yaani taarifa zote za jengo kusimamiwa kidijitali kwa pamoja, kwenye miradi ya serikali kuu mwaka 2016, na viwango vya kimataifa vya kazi hiyo, ISO 19650, vikaanza kutoka mwaka 2018. Moja ya mambo ambayo viwango hivyo vinasimamia ni kwamba kila hati ijulikane ni toleo gani, iko katika hali gani, na kumbukumbu ya mabadiliko ibaki. Kazi yangu ilibadilishwa usiku na hakuna pahali pameandikwa kimebadilika nini. Mwenye bucha akikuchezea mzani ukiwa umegeuka, hutamsikiliza akikwambia mzani huo umetoka ng'ambo.

Na muhuri unaogongwa kwenye BQ ni wangu. Nimesajiliwa chini ya sheria ya Kenya ya wasanifu na wakadiriaji majenzi, Sura 525. Zege ikipungua, mkandarasi hatamtafuta aliyetengeneza programu. Atanitafuta mimi, na mwenye ploti atakuja nyuma yake.

Tulipima upya mchana kutwa na usiku. Zabuni ikaingia kwa wakati.

Haki isemwe lakini. Wiki chache baadaye msanifu alisogeza vyoo na ngazi bila kutuambia, kama kawaida yao. Nikaweka ramani mpya juu ya ya zamani, na programu ikaonyesha kwa rangi kila ukuta uliohama. Kuna ukuta wa korido uliosogea kidogo sana ambao kwa macho hatungeuona kabisa. Kazi ya siku mbili ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Siku hiyo nilimsifia mwenzangu wa Kilimani programu hii hadi akaomba bei, na nilisema kweli. Hakuna karatasi ingeweza kunifanyia vile. Nyota tatu, nilijiambia.

Kisha jana nikapata ujumbe wa kukumbushwa ada, wa adabu sana, wenye jina langu kamili na tarehe. Malalamiko yangu niliyoandika kwa barua pepe, yenye picha na vipimo vyote, hayajajibiwa hata kwa mstari mmoja. Kumbe kuandika wanajua.

Nyota moja. Naitumia kulinganisha matoleo ya ramani tu. Kwa vipimo, kila jioni tunachapisha orodha yote, tunasaini na kuweka tarehe kabla ya kuzima mashine, na asubuhi tunalinganisha namba kabla ya kubofya chochote. Kama mnaitumia, zimeni kujisasisha leo hii, na mwulizeni wakala kwa maandishi skeli zinahifadhiwa wapi. Wakirekebisha hilo nitarudi hapa niongeze nyota mbili. Kwa yule wa simu siongezi kitu hadi aombe radhi.